Uliza Benchi la Ufundi: Timu ya chuo inafunga kila upande, tuamini?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinagusa jambo moja: timu za vyuo zenye ushambuliaji unaobadilikabadilika, na matumaini ambayo mashabiki wamezitwisha.

Mbukwenyi wahariri. Timu ya chuo chetu imeshinda mechi za kirafiki 4-0, 5-1 na 3-0. Mabao yametoka kulia, kushoto, katikati na kwenye kona. Kocha anaanza na 4-3-3, kipindi cha pili anaingia 4-2-3-1, dakika za mwisho 3-5-2. Hosteli nzima inasema kombe ni letu. Tuna haki ya kuamini au tunajidanganya?
*Shabiki wa jukwaa la jua, Makulu*

Haki mnayo, ila ushahidi mlionao bado mwembamba. Kwenye mechi ya kirafiki mpinzani anajaribu wachezaji, anafunguka, na idadi ya kubadilisha wachezaji ni makubaliano tu ya makocha wawili. Siku ya mashindano mpinzani huyohuyo atarudisha watu kumi nyuma ya mpira na kusubiri mkosee.

Halafu msihesabu mifumo. Mfumo ni namba za mabeki, viungo na washambuliaji zinazoandikwa kwenye karatasi kabla ya filimbi. Kinachopaswa kuhesabiwa ni njia ambazo mpira unaingilia ndani ya boksi la mpinzani. Chukua daftari, chora safu tano: pasi mpenyezo (ile inayopita kati ya mabeki), krosi, kukokota, mpira wa kutengwa (kona au faulo), na mpira ulionyang'anywa kwenye nusu yao. Kila mchezaji wenu anapougusa mpira ndani ya boksi, andika herufi kwenye safu inayohusika: K kwa kulia, S kwa kushoto, T kwa katikati. Usiandike mabao peke yake, maana mabao ni machache mno kukupa picha.

Tuseme mmeingia boksini mara 20. Kama 13 au zaidi ni krosi za kulia, mna winga mzuri wa kulia, basi. Mpinzani mwerevu atamshusha winga wake amsaidie beki, na kiwanda chenu kimefungwa. Kama hakuna safu iliyofika nusu, na walau tatu zina kitu cha maana, hapo hosteli inaweza kupiga kelele. Gawa pia daftari kwa robo saa. Timu nyingi za vyuo zina njia nne dakika ya 20 na njia moja dakika ya 80, kwa sababu miguu imekwisha na kila mtu anapiga mpira mrefu.

Angalia na majina ya wanaofunga. Yanga ilimpoteza straika wake Fiston Mayele baada ya msimu wa 2022/23, na wengi walidhani mabao yameondoka naye. Msimu wa 2023/24 ikachukua ubingwa, na mfungaji bora wa ligi akawa Stephane Aziz Ki, mabao 21, mtu anayecheza nyuma ya straika. Ile 5-1 dhidi ya Simba ya tarehe 5 Novemba 2023 ilifungwa na watu wanne tofauti: Musonda, Maxi Nzengeli mara mbili, Aziz Ki na Pacome. Ukimkaba mmoja, anayekuua ni mwingine. Kama mabao yenu 12 yana majina mawili tu, punguzeni ngoma kidogo.

Kocha, shikamoo. Ninasaidia kufundisha timu ya chuo, mazoezi ni siku nne kwa wiki. Tunabadilisha mfumo katikati ya mechi lakini vijana wanapotea: winga na beki wa pembeni wanagongana sehemu moja, na tukipoteza mpira tunafungwa. Nifanyeje?
*Kocha msaidizi, Mpwapwa*

Marahaba. Siku nne hazitoshi kufundisha mifumo mitatu. Zinatosha kufundisha mmoja pamoja na mwendo wa watu watatu ndani yake, na mwendo huo mpinzani akiutazama ataona kama mfumo mpya.

Anza na 4-2-3-1. Mkiwa na mpira, beki tatu, yaani wa kushoto, anapanda hadi mstari wa mbele akishika chaki ya pembeni. Winga wa kushoto anaingia ndani, kati ya beki wa kulia wa mpinzani na beki wake wa kati. Beki mbili, wa kulia, hapandi. Anabana ndani na kuwa mtu wa tatu pamoja na mabeki wa kati. Sasa mna watatu nyuma, viungo wawili mbele yao, na watano juu. Ni 3-2-5, na hakuna aliyeingia kutoka benchi.

Kugongana kunatokea kwa sababu winga anapenda kusubiri mpira mguuni pale kwenye chaki, na beki naye anajua njia hiyohiyo. Kuwapigia kelele hakusaidii. Chora uwanja njia tano za wima kwa chokaa. Mistari ya pembeni ya boksi kubwa na mistari ya pembeni ya boksi dogo la mita 18.32 irefushwe hadi katikati ya uwanja. Hapo njia tano zimepatikana. Kisha weka sheria moja: njia moja haikai watu wawili walio umbali sawa kutoka golini. Mmoja akiwa juu, mwingine awe chini yake, au ahamie njia ya jirani.

Mazoezi yaende hivi. Siku ya kwanza, watu 11 bila mpinzani, dakika 15, mpira unapita kutoka kwa kipa hadi boksini huku kila mtu akitafuta njia yake. Inachosha kutazama, na wachezaji watalalamika, usiiruke. Siku ya pili, 8 kwa 6 kwenye nusu uwanja, vipindi vinne vya dakika 5, mapumziko dakika 2. Washambuliaji wakifunga kwa njia ileile mara mbili mfululizo, bao la pili halihesabiwi. Siku ya tatu rudia, lakini wakabaji wakinyang'anya mpira wana sekunde 10 za kufunga kwenye vigoli viwili vidogo vilivyowekwa mstari wa kati. Siku ya nne 11 kwa 11, dakika 30, na wewe unyamaze.

Jambo ambalo makocha wengi hulisahau ni dalili ya kuanza mwendo. Isiwe sauti yako kutoka benchi, kwa sababu upepo na mashabiki wataimeza. Iwe kitu kinachoonekana: beki wa kati wa kushoto akipokea mpira na uso wake ukaelekea mbele, beki tatu anaondoka. Akipokea akiwa na mgongo kwa goli la mpinzani, hakuna anayeondoka. Winga anaingia ndani pale tu anapomwona beki tatu amevuka mstari wa kati. Asimtangulie, na asichelewe pia.

Kuhusu kufungwa mkipoteza mpira, hesabu watu waliobaki nyuma sekunde mpira unapokatwa. Bila shaka utakuta wawili, kwa sababu mabeki wote wa pembeni walipanda pamoja. Wanatakiwa watano: watatu wa nyuma na viungo wawili. Kazi ya viungo hao mpira ukiwa boksini si kusogea wamalizie mabaki. Wakae mita 5 hadi 8 nje ya boksi, kila mmoja akiwa amemshika mshambuliaji wa mpinzani aliyebaki juu. Mpira ukipotea, aliye karibu zaidi anabana kwa sekunde 5, wengine wanafunga pasi za mbele. Sekunde 5 zikipita bila kuupata, wote warudi nyuma ya mpira. Kubana kwa sekunde 12 ndiko kunakozaa yale mabao ya kushtukiza unayoyalalamikia.

Mfumo wa pili uufundishe tu baada ya huu kuchezwa mechi tatu bila wewe kusimama.

Uwanja wetu hauna nyasi. Kiangazi ni vumbi na upepo, pasi mpenyezo zote zinaishia kwa kipa wao. Tunaambiwa tucheze chini lakini mpira unaruka kama una wazimu. Tubadilishe mchezo au tubadilishe uwanja?
*Nahodha, Hombolo*

Badilisheni hewa ya mpira kwanza. Sheria inaruhusu mpira namba 5 uwe na mgandamizo wa atmosfia 0.6 hadi 1.1 kuzidi hewa ya nje. Kwenye geji za pampu nyingi, zinazosoma psi, ni kama 8.5 hadi 15.6. Ardhi ngumu inataka upande wa chini, 9 hivi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Pwani, kwa hiyo mpira uliojazwa Dar es Salaam unafika kwenu ukiwa mgumu zaidi. Ukiuacha juani mapema kabla ya mechi unaongezeka tena. Pimeni dakika chache kabla ya kuanza, mpira ukiwa umekaa kivulini.

Pasi mpenyezo kwenye udongo mkavu haisimami. Ile ya kunyooka katikati, mita 20, ni zawadi kwa kipa. Piga ya mshazari, kutoka ndani kwenda nje, mita 8 hadi 12, ili mpira ukimbilie kona na si goli. Anayepokea asimame ubavu, mguu wa mbali ndio upokee; akiukabili mpira uso kwa uso, kudunda kidogo tu kunamrudisha nyuma. Mvua zikianza Desemba mambo yanageuka: pasi ya chini inakwama kwenye tope, na kipindi hicho mpira wa juu unaoangukia nyuma ya mabeki una faida.

Upepo una hesabu yake. Mkishinda sarafu, sheria inawapa kuchagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Kama upepo ni mkali asubuhi na haujatulia kufikia saa ya mechi, wengi huchagua kusukumwa nao kipindi cha kwanza wapate bao la mapema. Sisi tungefanya kinyume pale ambapo mabeki wenu wana pumzi kuliko washambuliaji wao: vumilia kipindi cha kwanza, kisha uwape upepo usoni wakiwa wamechoka. Mkicheza na upepo mgongoni, msipige mirefu, inamaliza uwanja. Pigeni mashuti ya chini, kipa atatema. Mkicheza dhidi yake, mpira mrefu unakatika na kushuka karibu na straika, kwa hiyo hapo unafaa, ajabu ni kwamba wengi hufanya kinyume.

Kona nazo: mpira wa kuingia ndani ukisaidiwa na upepo unamsumbua kipa sana. Msizitegemee kupita kiasi. Hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, kona zinazozaa bao ni chache mno kati ya kila 100.

Mbigili ndiyo adui wenu wa pili. Siku ya mechi asubuhi kokoteni kipande cha zulia kuukuu uwanja mzima, mkianzia pembezoni ambako magugu yanaota; mbigili zinaganda kwenye zulia. Ufagio unazisogeza tu. Na njumu ziwe fupi, zenye vijino vingi. Vile virefu sita vya uwanja wa nyasi laini, kwenye ardhi ya Hombolo vinamfanya mtu atembee kama amevaa mchuchumio, na vifundo vya miguu ndivyo vinavyolipa.

Straika wetu anaotea mara sita, saba kila mechi. Ni macho yake au ni mshika kibendera?
*Katibu wa mashabiki, Kikuyu*

Kwa kawaida ni umbo la mbio zake. Anakimbia moja kwa moja kuelekea goli, na mpigaji akichelewa nusu sekunde tayari ameshavuka mstari wa mabeki. Akimbie kwa upinde: mita 4 au 5 sambamba na mstari wa mabeki akimtazama mwenye mpira, ndipo akunje kuelekea goli mpigaji anapoteremsha kichwa kupiga. Mkumbusheni pia kwamba hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye kurushwa, kona au goli kiki. Timu yenye mrushaji wa mbali isiyotumia nafasi hiyo inajinyima.

Wahariri, mwanangu alienda chuoni akiwa winga. Sasa kocha anamtumia beki wa pembeni, wiki nyingine kiungo. Anasema ndiyo mpira wa kisasa. Mimi naona kipaji chake kinauawa. Nikamwone mwalimu?
*Mama wa mchezaji, Kondoa*

Mama, shikamoo. Subiri kwanza. Gareth Bale alianza beki wa kushoto kabla dunia haijamjua kama winga, Bukayo Saka alicheza beki wa kushoto Arsenal msimu wa 2019/20, na Philipp Lahm, beki wa pembeni wa siku zote, alihamishiwa kiungo Bayern Munich baada ya Pep Guardiola kufika 2013. Nafasi mbili zinazopakana zinamjenga kijana, kwa sababu winga aliyewahi kucheza beki anajua beki anaogopa nini.

Nafasi tatu ndizo zinazotia shaka. Mwambie mwanao amwombe kocha, kwa adabu, ajue nafasi ya msingi ni ipi na ya akiba ni ipi. Aulize kabla ya mazoezi ya wiki, asiulize siku ya mechi. Kuna la mwilini pia: beki wa pembeni anayepanda na kushuka ana mbio nyingi za kurudi, ambazo hakuzizoea akiwa winga. Kama analalamika misuli ya nyuma ya paja, huenda ni uchovu wa kazi mpya. Apate siku moja kamili ya kupumzika baada ya mechi, na ale chakula cha kushiba muda wa saa tatu kabla ya kucheza. Ugali wa uwele na maharage ni sawa, ila maharage ayale siku moja kabla kama tumbo lake ni jepesi.

Kocha akimwonea, mwone. Kwa kumbadilisha nafasi tu, hapana.

Mwenzangu chumbani anafuatilia ule mpira wa vyuo vya Marekani, wa kubeba mkononi. Kila msimu mashabiki wao nao wanaimba kwamba ushambuliaji wao "unaweza kila kitu". Una uhusiano wowote na tunachozungumza?
*Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

Upo, na una funzo kwa makocha wetu. Kule nao ni 11 kwa 11. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9.1, ikishindwa inatoa mpira. Kila jaribio ni la kukimbia nao au kuurusha. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, na kuna mtego: mshambulizi akiingiza watu wapya, mwamuzi humpa mkabaji nafasi ya kujibu kwa kuingiza wake. Asipobadilisha mtu, mkabaji hasubiriwi. Ndiyo maana mchezaji anayethaminiwa ni yule wa kazi mbili, kama taitiendi, anayeweza kumzuia mkabaji kwa mwili au kukimbia na kupokea mpira uliorushwa. Watu walewale 11, maumbo matano tofauti, na mkabaji hajui aingize wazito au wepesi.

Mpira wa vyuo unasaidiwa na sheria zake. Uwanja una upana wa mita 48.8, na mchezo ukisimama karibu na pembeni, mpira huanzishwa kwenye alama iliyo mita 18.3 kutoka mstari wa upande huo. Upande wa pili zinabaki mita 30.5. Kwenye ligi ya kulipwa alama hizo ziko karibu na katikati, kwa hiyo upande mpana kiasi hicho haupatikani. Vyuo hukusanya wakabaji upande finyu kisha hukimbilia upande mpana. Pia mchezo ambao kwotabeki, yaani mrushaji mkuu, anampa mwenzake mpira au anaurusha kwa kumsoma mkabaji mmoja tu ni rahisi zaidi vyuoni, kwa sababu wale wazuiaji wazito wa mstari wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla ya mpira kurushwa. Ligi ya kulipwa inawapa yadi 1.

Ukitaka kujua kama matumaini ya mwenzako yana msingi, mwambie atazame jaribio la tatu linalohitaji yadi 7 au zaidi. Hapo kila mtu uwanjani anajua mpira utarushwa. Timu ambayo bado inafanikiwa wakati siri imekwisha ndiyo yenye ushambuliaji wa kweli. Kwetu sawa na hilo ni dakika ya 70, mko nyuma 1-0, wapinzani kumi wako ndani ya mita 30 za goli lao.

Sisi wa jukwaani tusaidie vipi? Tukipiga kelele "piga!" wanapiga.
*Kikundi cha hamasa, Miyuji*

Acheni "piga". Kwenye ligi kubwa, mashuti yanayoingia ni kama 1 kati ya 10, na ya nje ya boksi ni machache zaidi. Timu yenye njia nyingi inahitaji sekunde tatu au nne kumsogeza mpinzani, na neno lenu linazikata. Pigeni ngoma timu ikiwa na mpira nyuma, ili vijana wasiogope kuumiliki, na mpunguze unapofika robo ya mwisho ya uwanja. Kelele kubwa kuliko zote ziwekeni kwa zile sekunde 5 za baada ya kuupoteza, kwa sababu hapo ndipo miguu iliyochoka inapotaka kusimama.